Mrejesho: tabo iliyokuwa ikizidisha presha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kwa nini presha ya tabo (pampu inayozungushwa na gesi ya ekzosi ili isukume hewa kwenye injini) inavuka kipimo cha ba 1.0 nilichoseti na kufika 1.3 tangu nifunge ekzosi pana. Asanteni sana, hasa mliosema tundu la westigeti (kilango kinachoipunguzia tabo gesi ya ekzosi) ni dogo, kwa hiyo gesi inakosa njia ya pembeni ya kutosha na nyingi inapita kwenye tabaini, yaani gurudumu linaloizungusha tabo.

Tuliishusha tabo gereji, Nyakato, Mwanza. Fundi akapanua tundu kutoka milimita 24 hadi 28 kwa grainda ndogo, taratibu mno, akibakiza ukingo ambao kifuniko cha westigeti kinaukalia. Hapo msikimbilie! Ukingo ukiliwa, kifuniko hakizibi tena na tabo inachelewa kushika. Akailainisha pia kona ya kuingilia tundu, na naamini hiyo imesaidia kuliko upana wenyewe.

Barabara ya Magu, gia ya tatu, presha inasimama 1.05. Alfajiri, hewa ya ziwani ikiwa ya baridi, bado inagusa 1.15.

Kuna na ufa kwenye hauzingi (ganda la chuma la tabo), na kuuchomelea kumeshindikana. Chuma cha kutupwa kilichomwa bila kupashwa moto kwanza, siku ya pili ufa ukarudi. Natafuta hauzingi nyingine.