Kaziba mpira wa vakyumu kwa bolti namba 10, halafu anasema gia boksi imekufa!!

Mwembe Mkavu

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Fundi wa Tabora mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa chini ya mwembe, ambaye boneti haijafunguliwa ameshatamka "shusha gia boksi". Mpelekee hata toroli la zege, atakwambia gia boksi imekufa.

Leo ilikuwa zamu ya Datsun 280ZX otomatiki, ile ya gia tatu, injini L28 ya silinda sita. Dalili zake anazijua hata mtoto wa gereji: sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetema, gia ya kwanza haiachii mpaka kilomita 60 kwa saa, ikiachia inagonga kama mabehewa yanaunganishwa stesheni. Hapo unaanzia kwenye mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), unaotoka kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, kushuka hadi kwenye modyuleta, kile kikopo cha ubavuni mwa gia boksi.

Na kweli alianzia hapo. Akauchomoa. Akaokota bolti namba 10 mavumbini, akaifuta kwenye suruali, akaisokomeza ndani ya mpira, akakaza na waya. Sailensi ikatulia. Akawageukia watu wote waliokaa kwenye benchi: "Mmeona? Huu mpira ni urembo tu. Gia boksi ndiyo imekufa, na mwenye gari kanunua jina."

BOLTI. Ndani ya mpira wa vakyumu. Na waya juu yake!

Sailensi imetulia kwa sababu mpira umepasuka, injini ilikuwa inavuta hewa ambayo haijapita kwenye kipima hewa, mchanganyiko ukakosa petroli. Ukiziba, hewa ya wizi inakoma. Lakini modyuleta sasa haipati kitu. Ndani yake kuna springi inayosukuma kijiti kwenye vali ya gia boksi, na vakyumu ndiyo inayoizuia ile springi. Ukikanyaga mafuta vakyumu inashuka, springi inashinda, presha ya haidroliki (mafuta ya gia boksi) inapanda, gia inachelewa na inakamata kwa nguvu. Ukiweka bolti, gia boksi inaamini mguu uko sakafuni saa zote, hata gari ikiwa kwenye foleni ya sheli. Itaachaje kugonga? Bolti ndiyo inayogonga!

Halafu "kanunua jina". Mbele ya watu. Bolti imetoka mavumbini!

Spana Kumi na Nne

Pole mkuu. Kuziba mpira ni kipimo cha nusu dakika: unaubana kwa koleo, unasikiliza sailensi, unaachia. Ikitulia ukibana, uvujaji uko mbele ya koleo, upande wa gia boksi. Unasogea sentimita kumi kumi kuelekea kwenye gia boksi mpaka unapata pabovu. Kwenye L28 manifodi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja, kwa hiyo mpira unaiva kwa joto. Ukikunja kona zake utaona nyufa kama kisigino cha kiangazi.

Huyo aliishia nusu ya kipimo, akakifanya ndiyo matengenezo.

Asali Mbichi

Mwembe Mkavu, nawe ulikuwa unatazama tu? Mtu anaokota bolti, anaifuta, anasokomeza, anatafuta waya, anakaza, wewe umeshika kiuno? Ungemnyang'anya!

Na umeruka jambo kubwa. Mpira ulipochomolewa upande wa modyuleta, ndani ulikuwa mkavu au una mafuta mekundu? Ukiwa na haidroliki, dayaframu (ngozi ya ndani) ya modyuleta imetoboka na injini inainywa gia boksi. Dalili zake ni moshi mweupe mzito, kipimo cha haidroliki kinashuka kila wiki na chini hakuna tone, plagi ya silinda iliyo karibu na tundu la vakyumu inachafuka peke yake. Hapo hata ukiweka mpira mpya umefanya kazi bure. Ila usidanganywe na unyevunyevu wenye harufu ya petroli, huo unashuka toka kwenye manifodi. Haidroliki ni nzito na inateleza vidoleni.

Mwembe Mkavu

Ulikuwa mkavu kabisa, ndiyo maana nina hasira! Modyuleta nzima, gia boksi nzima, haidroliki ya rangi safi isiyo na harufu ya kuungua. Mpira tu. Na dawa yake ikawa BOLTI.

Mgebuka wa Ujiji

Nyie wa Tabora mna mwembe, sisi Kigoma tunaye wetu pale Mwanga, na naye mnamjua. Wa kwetu ana geji ya vakyumu, lakini anaisoma kama yuko Dar. Vitabu vinaandika inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensi, hizo ni za usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda unapoteza kama inchi moja. Tabora iko karibu mita 1,200, toa inchi nne: injini nzima inasoma 13 hadi 17. Kwetu ziwani, karibu mita 775, unatoa mbili na nusu. Yeye akiona 15 anasema pete za pistoni zimekwisha, fungua injini. Injini ya watu!

Cha kuangalia ni tofauti. Pima kwenye manifodi, halafu pima mwisho wa mpira kule kwenye gia boksi. Namba ziwe sawa. Juu 15 na chini 9, kuna tundu njiani. Juu 15 na chini sifuri, bomba la chuma limeziba kwa masizi au kutu.

Spana Kumi na Nne

Au kuna bolti.

Mwembe Mkavu

AU KUNA BOLTI! Asante!

Mzee wa Kabureta

Vijana, mmesahau wanaochomeka mpira mahali pasipo pake. Mpira wa modyuleta unachukua vakyumu ya manifodi, chini ya kipepeo cha hewa, kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Ukiuweka kwenye kitundu cha juu ya kipepeo, ile ya kwenda disitribyuta, kwenye sailensi unapata sifuri, na ukitia D gari inaruka kama imekanyagwa mkia. Wengine wanaweka mpira wa dripu au ule laini wa petroli. Asubuhi gari tamu. Ikishapata moto mpira unalainika, unajinyonya wenyewe, unafunga, gia zinaanza kugonga. Weka mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene.

Na kabla ya kulaani modyuleta, washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho. Lazima usikie "tk" chini kwenye gia boksi. Hiyo ni solenoidi ya kushusha gia. Swichi yake ikinasa imewaka, gia zitachelewa hivyohivyo na vakyumu haihusiki.

Asali Mbichi

Mzee shikamoo. Ongezea na kijiti. Modyuleta za hizo gia boksi zina kijiti cha chuma, kinauzwa kwa urefu, milimita 29 hadi 31, kwa hatua ya nusu milimita. Mafundi wakifungua kinadondoka kwenye beseni la haidroliki, hawakioni, wanafunga modyuleta mpya bila kijiti. Au wanakata msumari! Kijiti kikiwa kifupi presha inakuwa ndogo, gia zinaingia mapema kwa ulaini mtamu, mwenye gari anashangilia, kumbe klachi zinateleza na kuungua. Hapo ndipo gia boksi inapokufa kweli.

Mgebuka wa Ujiji

Msumari tumeuona. Na oringi ya zamani inarudishwa, modyuleta inavujisha, wanapaka gundi ya silikoni.

Fenibelti

Hayo madogo. Mimi kinachoniudhi ni kupima haidroliki injini imezimwa. Hizo Datsun unapima imepata moto, injini inaunguruma, unapitisha gia zote, unarudisha P, ndiyo unachomoa kipimo. Wao wanazima, wanaona imepita alama, wanachomoa lita nzima. Kesho gia inateleza. Nani kalaumiwa? Gari!

Mzee wa Kabureta

Na wanaotoa themostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, je? Kila gereji kuanzia Isevya hadi Uvinza: "hii ni ya nchi za baridi, toa". Injini haifiki joto lake, inakunywa petroli, haidroliki nayo inachelewa kupata moto kwa sababu inapita kwenye rejeta hiyohiyo. Nissan wenyewe walitoa themostati ya nchi za joto kwa hiyo L28, nyuzi 76.5. Ya kawaida 82, ya baridi kali 88. Sasa unatoa nini?

Fenibelti

Umenigusa mzee. Wakishatoa wanaitupa, hata hawakurudishii. Ukiuliza wanakwambia "ilikuwa imekufa".

Mwembe Mkavu

Jamani, turudi kwenye bolti basi. Hata waya wenyewe ulikuwa wa kufungia mabanzi...

Mgebuka wa Ujiji

Mzee wa Kabureta, hiyo ya 76.5 inaingia kwenye nyumba ileile ya 82? Wa kwetu hapa katoboa ya 88 matundu matatu kwa drili.

Mzee wa Kabureta

Inaingia bila kubadili chochote. Kitundu kidogo chenye kipini kielekee juu, hewa itoke ukijaza maji. Na gasketi mpya, usirudishe ya zamani.

Fenibelti

Matundu matatu?! Huyo mnamwachaje mjini?