Mguu mwembamba na milima ya kusini: buti jipya, la mtumba au gambuti?

Kijana_Isyesye
Salaam wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaotembea milima yetu, si wa waliosoma matangazo. Kazi yangu ni kuongoza wageni, mara nyingi Ziwa Ngozi na Mbeya Peak, na msimu ujao ofisi inataka nishike na mlima Rungwe. Tatizo ni mguu. Ni mrefu, mwembamba, na kisigino ndicho chembamba zaidi. Navaa 43. Kila buti ninalojaribu dukani vidole vinakaa vizuri, ila kisigino kinapanda na kushuka. Wakati wa kupanda napata malengelenge nyuma. Wakati wa kushuka mguu wote unateleza mbele na kucha za vidole gumba zinagonga. Nikishuka hadi 42 kisigino kinatulia kidogo lakini vidole vinajikunja.

Ninaona njia tatu: buti jipya, hata kama ni la kuagiza kutoka Kariakoo, buti la mtumba la masoko ya huku Mbeya, Mwanjelwa au Sido, au gambuti tu kama wafanyavyo wenyeji wengi wa Rungwe. Bajeti isizidi 150,000. Mwenye mguu wa aina yangu anavaa nini?

MzeeKiwira
Gambuti. Soksi mbili nzito. Mengine mbwembwe.

Kihesa_Juu
Kamwene wote. Mzee wangu shikamoo, lakini hapo napinga. Gambuti halina kamba. Mwenye mguu uliojaa linamshika lenyewe, ila huyu kijana atakuwa anaogelea humo ndani. Kwenye tope la tambarare sawa. Kwenye mteremko wa Mbeya Peak, mlima wa zaidi ya mita 2,800 ambao sehemu nyingine unashuka huku umeshika majani, hapana. Soksi mbili zinajaza nafasi asubuhi. Saa sita mchana zimelowa jasho, zimelala, na nafasi imerudi palepale.

Mimi hutembea zaidi upande wa Udzungwa. Ile njia ya maporomoko ya Sanje inafundisha haraka kwamba mguu hauumizwi na kupanda, unaumizwa na kushuka. Ningekushauri buti jipya kama mfuko ungeruhusu. Kampuni ya Lowa wana baadhi ya mabuti wanayoyatoa kwa upana tofauti, likiwemo jembamba. La Sportiva na Scarpa nao watu wengi wenye miguu myembamba huwakimbilia. Keen na Altra waachie wenye vidole vya kutawanyika, mbele ni papana mno. Ila kwa 150,000 hayo ukiyapata mapya, uliza mara mbili kama ni halisi.

FundiMwanjelwa
Mnabishana majina kabla ya kuuangalia mguu.

Kijana, toa soli ya ndani ya buti, iweke sakafuni, uikanyage ukiwa umesimama na uzito wako wote. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba la mkono. Halafu tazama pembeni. Kama soli inaonekana pande zote mbili za mguu, buti hilo ni pana kwako hata kama namba ni yako. Baada ya hapo livae, kaza kamba, uangalie zile safu mbili za matundu ya kamba. Zikikaribia kugusana, hakuna tena cha kukaza: buti lina nafasi kubwa juu ya mguu. Watu wengi wanaokuja kwangu wakilalamika mguu mwembamba, shida yao hasa ni mguu bapa kwa juu. Kupunguza namba hakuwasaidii, maana urefu ni kitu kimoja na ujazo ni kingine. Ngozi inayobana naweza kuipanua. Ngozi iliyozidi siwezi kuipunguza, na fundi akikuambia anaweza, muulize ameiweka wapi.

Sasa mtumba. Mimi siukatai, nusu ya kazi yangu inatoka huko. Lakini angalia soli kabla ya ngozi. Lile tabaka la katikati, lenye sponji kati ya raba ya chini na buti lenyewe, kwenye mabuti mengi ya mlima ni poliyurethani. Huoza kwa unyevu wa hewa taratibu hata kama buti halivaliwi. Linakaa stoo Ulaya miaka kumi, linaingia kwenye belo likiwa linang'aa, mteja analipenda kuliko yote mezani, anaenda nalo Ngozi, na soli inavunjika vipande kama biskuti katikati ya msitu. Kwa hiyo likunje kwa nguvu mara kadhaa papo hapo kibandani. Bonyeza lile tabaka kwa ukucha. Likirudi, zima. Likibaki na alama, likitoa unga, au ukiona nyufa ndogo ndogo zinazunguka soli, rudisha. Buti lililochakaa kidogo kwa kuvaliwa mara nyingi lina maisha kuliko lile lisilo na doa, kwa sababu hilo safi hujui limelala tangu lini.

Kihesa_Juu
Hii ya soli ni kweli tupu. Kuna mgeni tuliwahi kumfungia soli kwa kamba za hema mpaka getini.

DadaMakete
Kaka Isyesye, kuna njia ya nne ambayo wanaume wa huku hawataki kuisikia: buti la kike. Usinune. Mabuti ya kike hutengenezwa kwa kalibu nyembamba zaidi, hasa kisiginoni. Kwenye vipimo vya Marekani herufi B kwenye kiatu cha kiume maana yake ni chembamba, na B hiyo hiyo kwenye kiatu cha kike ni upana wa kawaida tu. Wa kawaida wa kiume ni D. Ukikuta herufi hizo kwenye ulimi wa buti, zisome kabla hujauliza bei. Viatu vya Uingereza vina mpangilio wao wa herufi, usichanganye.

Shida yako itakuwa namba. 41 na 42 za kike zipo, 43 ni ya kubahatisha. Rangi nayo ni bahati, ila kijivu na kahawia zipo nyingi na hakuna mgeni atakayejua. Kaka yangu mmoja anavaa ya zambarau, na kazi anapata.

Mimi natembea sana Kitulo, na huko hoja ni tofauti na Rungwe. Uwanda ule uko kama mita 2,600, mteremko si mkali sana, lakini kipindi cha maua, Desemba hadi Aprili, nyasi zimelowa muda wote. Watu wanaiita Bustani ya Mungu, wanakuja na raba nyeupe za kupigia picha, saa mbili asubuhi vidole vimekufa ganzi. Kwa hiyo mimi nataka buti lenye utando wa kuzuia maji. Kwa Ngozi ningevaa raba nzuri ya kukimbilia yenye meno, ile inashika kisigino kuliko buti lolote la bei yako.

MzeeKiwira
Binti, huo utando wako ukiingiwa na maji kwa juu yanatokea wapi? Mimi naishi huku. Mwezi wa nne Tukuyu buti la ngozi ukiliosha Jumatatu, Ijumaa bado linanuka. Gambuti unalimwagia maji, unaligeuza juu chini kwenye mti, asubuhi unavaa. Kijana anafanya kazi kila siku, hatembei kwa starehe.

DadaMakete
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kukauka sina jibu, umeshinda.

Mtoto_wa_Forest
Wadau, mimi ni wa Forest ya Zamani hapo Mbeya ila sasa niko Innsbruck, Austria, kwa masomo, na wikendi za baridi nafanya kibarua kwenye duka linalokodisha vifaa vya kuteleza kwenye theluji. Huku suala la mguu mwembamba ni sayansi kabisa. Buti la theluji lina ganda gumu la plastiki nje na kiatu laini ndani. Namba yake ni urefu wa mguu kwa sentimita, mfano 26.5, na upana unatajwa kwa milimita mahali ambapo mguu ni mpana: kama 97 au 98 ni jembamba, 100 la kati, 102 na kuendelea ni pana. Jinsi ya kupima: unatoa kiatu cha ndani, unaingiza mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele kidogo, kisha unaangalia nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Sentimita moja hadi mbili ni sawa. Ikizidi hapo, mguu utacheza hata ufunge vifungo mpaka vilie.

Wateja wengi wapya wanachagua lililo pana kwa sababu dukani linaonekana la starehe. Yale masponji ya ndani hulala baada ya siku chache na buti huongezeka nafasi. Kwa hiyo huku tunawaambia waanze na linalokumbatia mguu bila kuumiza. Kwa buti la kutembelea ni hivyo hivyo kwa kiasi, Kijana: likiwa legelege dukani, mwezi ujao litakuwa legelege zaidi. Na kila fundi huku anasema alichosema FundiMwanjelwa, plastiki inapashwa moto na kupanuliwa, kuibana haiwezekani.

FundiMwanjelwa
Hayo ya plastiki yenye vifungo vya chuma yaliwahi kuingia hapa kwenye belo. Hakuna aliyejua ni ya nini. Yalichukuliwa na bodaboda mmoja, akatembea nayo siku moja tu, maana hayakunji kifundo.

Kijana_Isyesye
Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Fundi, soli ya ndani nimeikanyaga: inaonekana pande zote, na matundu ya kamba yanakaribia kugusana. Buti lenyewe ni zima na urefu ni sawa. Kuna namna ya kuliokoa kabla sijanunua jingine?

FundiMwanjelwa
Ipo, na ndiyo ningeanza nayo kwa sababu ni rahisi kuliko zote. Kwanza soli ya ndani: ongeza nyingine nyembamba na bapa chini ya hiyo iliyopo, mguu upande juu kidogo ujaze ile nafasi. Usiweke nene sana, kisigino kitatoka nje ya kikombe chake. Pili, ulimi. Nakata sponji ya kandambili kuukuu, milimita nne hivi, nainyoa kingo zisikwaruze, nabandika upande wa ndani wa ulimi kuanzia katikati kwenda juu. Inausukuma mguu urudi nyuma na kisigino kinakaa. Hii ndiyo inayotibu kucha zako. Sponji za nyuma ya kisigino wanazouza kwa machinga achana nazo, zinausukuma mguu mbele, kinyume cha unachotaka.

Tatu, kamba. Ukifika matundu mawili ya juu usivushe. Pandisha kila kamba upande wake uleule iache kitanzi, halafu vusha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, vuta kwenda chini kwanza, ndipo ufunge. Kisigino kinafungwa hapo. Wakati wa kupanda legeza kidogo kwa juu, wakati wa kushuka simama ukaze upya.

Kihesa_Juu
Hiyo ya kamba ilinisaidia mimi kuliko buti jipya. Wageni wanapopumzika kabla ya kushuka, ndiyo dakika zangu za kukaza.

MzeeKiwira
Akishindwa gambuti, basi hili la fundi. Ila mvua za masika atanitafuta.

Kijana_Isyesye
Ndaga mzee. Nitafanya hivi: hili nililonalo nitengeneze kwa fundi kwa ajili ya Mbeya Peak na Rungwe wakati wa kiangazi, na gambuti nitanunua la kazi za masika njia za chini. Buti la kike naendelea kulitafuta kimyakimya. Fundi, nije lini, na belo la viatu mnafungua siku gani?

FundiMwanjelwa
Njoo jioni baada ya kazi, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uje na soksi zile zile unazopandia mlima. Usije na za harusi. Belo hutegemea mzigo ulivyofika, nitakuita. Nikipata la kike 43 naliweka chini ya meza, ila soli utaikunja mwenyewe mbele yangu.