Tupeane uzoefu: Kuongoza kambi ya wasichana ya kanisa, kisha kurudi kwa mume na watoto

Mama Mlezi, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Likizo ya Juni inakaribia, na huku Kilimanjaro sharika za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) zinazoandaa kambi za wasichana zimeshaanza kuhesabu magodoro na kukusanya michango ya mchele na maharage. Kuhusu maandalizi tumeshaelezana mengi: ratiba, masomo, zamu za usiku, gari la dharura. Tusilolizungumza ni ile siku mlezi anaposhuka garini na begi lake, sauti imemkauka, akakuta mume, watoto na pengine mama mkwe wakimsubiri na kila jambo lililosimama tangu alipoondoka.

Mimi naamini kurudi ni sehemu ya kambi yenyewe, na kunastahili kupangwa kama kinavyopangwa chakula. Kambini mlezi ni mama wa mabinti wa watu usiku na mchana. Binti wa darasa la sita akivunja ungo saa nane za usiku, mlezi ndiye anayeamshwa, ndiye anayewasha tochi na kumtafutia pedi na kanga safi, ndiye anayemweleza taratibu kwamba huo si ugonjwa na kukaa naye mpaka usingizi umrudie. Na alfajiri huyohuyo anasimamia uji. Mwanamke aliyeishi hivyo siku mfululizo anafika nyumbani akiwa amekwisha kutoa kila alichokuwa nacho, na watoto wake bado hawajapata fungu lao.

Binti yangu wa kumzaa, alipokuwa bado hajafikia umri wa kwenda kambini, aliniuliza kwa nini wasichana wale wote wananiita mama. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua. Tangu hapo jioni ya kwanza ya kurudi ni yake: anakaa kwenye mkeka, ninamfumua nywele na kumsuka upya, simu iko chumbani, na ripoti ya kamati inasubiri. Naomba na wengine mseme mnavyofanya.

Mwalimu wa Tabora

Tumsifu Yesu Kristo. Dada, hilo la uchovu ni kweli, lakini usingizi unaliponya. Mimi niseme juu ya mzigo mwingine, ambao wanawake wengi tunarudi nao nyumbani bila kuwa na pa kuutua, nao ni mambo tunayoambiwa.

Wasichana wakishakaa pamoja siku kadhaa, wakasali na kuimba pamoja, midomo hufunguka. Aliyenyamaza mwaka mzima anakufuata unapoosha vyombo, anachukua kitambaa akusaidie kufuta sahani, na huku akiitazama sahani ile anakueleza anayofanyiwa na mtu wa nyumbani kwao. Hapo mlezi hana ruhusa ya kuishia kwenye kumwombea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, yupo afisa ustawi wa jamii, na ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Kwetu tumekubaliana kwamba taarifa ya namna hiyo inafikishwa kabla kambi haijafungwa, kwa sababu kumrudisha binti katika nyumba ileile huku sisi tukitafakari ni kumtupa.

Lakini taarifa ikishapelekwa, siri inabaki kifuani. Nilirudi nyumbani nikawa namtazama kila mwanamume anayembeba mwanangu, hata shemeji yangu ambaye sijawahi kumwona na kosa. Mume wangu aliona nimebadilika, akadhani amenikosea. Kumweleza kisa cha binti wa watu singeweza, kwa kuwa si changu. Nilichomwambia ni hiki: "Kuna jambo zito la kambini ambalo siruhusiwi kulisema. Halikuhusu wewe wala watoto wetu. Nivumilie." Alivumilia, na hakuuliza tena. Sasa tuna mtawa mwenye mafunzo ya ushauri nasaha anayekutana na walezi kila kambi inapokwisha, mmoja mmoja, kabla hawajapanda gari. Parokia isiyokuwa na mtu kama huyo inawaonea walezi wake.

Mama wa Salt Lake City, Marekani

Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, na niko katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Huku kambi hufanyika majira ya joto, shule zikiwa zimefungwa, na wasichana huanza kwenda katika mwaka wanaotimiza miaka 12. Ugumu wetu huanzia kwa wazazi. Mama aliyelea watoto Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya huko Kigoma, akilala chini ya turubai na kupanga foleni ya maji, anauliza kwa haki kabisa kwa nini binti yake apelekwe kulala hemani milimani na nyumba anayo. Mimi humjibu kwa kumwalika aje kupika nasi. Akishaona jinsi mabinti wanavyolindwa, moyo hutulia.

Niliporudi nilikuta mume wangu amepanga jiko kwa namna yake, sufuria zimehamia kabati jingine, na watoto wamezoea kula mapema. Niliviacha vyote kama vilivyo. Nyumba ilikuwa imeishi, na mimi ndiye niliyepaswa kuingia polepole.

Baba wa Nakuru

Naomba radhi kuingia katika mazungumzo ya akina mama. Mke wangu huongoza kambi ya wasichana ya kanisa letu likizo ya Agosti, na ningependa wenzangu wasikie pia upande wa waliobaki. Sisi tulikuwa na kambi yetu: mtoto alipata homa usiku, sare hazikukauka kwa sababu ya mvua. Aliyekaa nyumbani naye ana hadithi, na ana haki ya kuisimulia, ila si langoni. Mimi humpokea begi, maji ya kuoga yakiwa tayari, na orodha ya matatizo hungoja alale kwanza. Yeye naye hutuuliza habari zetu kabla ya kusimulia zake, na watoto wanaliona hilo.

Ninalowaomba viongozi ni moja. Kikao cha tathmini huitishwa Jumapili ileile baada ya kambi, na wale waliolala saa chache kila usiku huketi humo mpaka jioni. Kisogezeni mbele walau majuma mawili.

Mama Mlezi, Moshi

Shemeji, asante sana, na asanteni dada zangu. Kamati yetu inakutana Jumapili baada ya ibada ya pili. Nitalipeleka ombi la tathmini kusogezwa kama ulivyoliandika, na nitaomba tutafute mshauri wa kukutana na walezi siku ya kufunga, na namba 116 ibandikwe katika kila bweni kabla ya wasichana kufika. Mwalimu, ukiweza, nieleze huyo mtawa hukaa na kila mlezi kwa muda gani, ili nijue gari liagizwe saa ngapi.