restic: orodha ya matoleo imevurugika, na "latest" inarudisha faili za zamani

kibodi_kimya

Wakuu, heshima kwenu. Seva ni ya Linux. Cron (kipanga ratiba) inaendesha restic, programu ya bekapu, kila usiku ndani ya konteina ya Docker, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu (`docker run --rm`, inayoifuta konteina kazi ikiisha), na hifadhi iko kwenye diski ya nje. Folda hiyohiyo ya hifadhi inapandishwa kwenye wingu na programu ya kawaida ya kusawazisha faili. Bekapu inamaliza bila kosa lolote, ila nikitoa `restic snapshots` (orodha ya matoleo, yaani picha za faili za kila bekapu) napata vituko.

Safu ya Host ina majina kama `4f1c9e02ab7d`, na kila toleo lina la kwake, ilhali mashine ni moja. `forget --keep-last 7 --prune` (bakiza matoleo saba ya mwisho, futa data isiyotumika tena) haifuti kitu, orodha inazidi kurefuka. Kuna toleo la mwaka 2036, na `restore latest` kila mara inarudisha hilo, yaani faili za kale. Kwenye nakala ya wingu ndiyo balaa zaidi: kuna onyo kuhusu faili isiyosomeka ndani ya `snapshots`, na matoleo ya karibuni yanaonekana kwenye orodha lakini yanagoma kurejeshwa.

Hifadhi imeharibika? Niendeshe `repair index`?

mlinzi_wa_data

Mkuu, `repair index` iache kwanza. Hiyo inajenga upya faharasa ya vifurushi (faili zinazobeba data yenyewe). Orodha ya matoleo haiigusi.

restic haina hifadhidata ya matoleo. Kila toleo ni faili moja ndogo ndani ya folda ya `snapshots`, na orodha hutokana na kuzisoma faili hizo zote. Toa `restic cat snapshot` ukifuatisha ID ya toleo, utaona kilichomo: muda, jina la mashine, njia za folda, na mti wa faili zenyewe. Kilichoandikwa wakati wa bekapu ndicho unachokiona kwenye orodha. Kwa hiyo dalili za diski yako ya nyumbani hazionyeshi uharibifu. Ni taarifa zilizoingia vibaya tangu mwanzo.

Majina ya ajabu yanatoka Docker. Usipoipa konteina jina la mashine, inachukua herufi 12 za mwanzo za ID yake. Kwa `--rm` kila usiku ni konteina mpya, basi na jina jipya. Hapo ndipo `forget` inapokwama: restic hupanga matoleo kwa makundi ya mashine na njia, na `--keep-last 7` ni saba kwa kila kundi. Kila kundi lako lina toleo moja tu, hakuna cha kufuta. Bila shaka kwenye logi unaona pia `no parent snapshot found, will read all files`. Toleo mzazi (la awali la kulinganishia) halipatikani kwa sababu jina limebadilika, hivyo faili zote zinasomwa upya. Muda unapotea, ila nafasi haipotei, kwa kuwa data iliyokwishahifadhiwa haiandikwi mara ya pili.

Dawa ni kulifunga jina:

`restic backup --host seva1 /data`

Au `--hostname seva1` kwenye `docker run`. Angalia na njia pia. Anayeandika `restic backup /data/*` anajitengenezea kundi jipya kila inapoongezeka folda, kwa maana shell (programu inayopokea amri) inaipanua hiyo nyota na restic inapokea orodha tofauti ya njia. Taja folda mama tu.

Matoleo ya zamani unaweza kuyapunguza kwa `forget --group-by paths --keep-last 7 --dry-run` (jaribio tu, hakifutwi kitu), ukiridhika unaondoa `--dry-run`.

saa_sita

Hapo kwenye `--group-by paths` tusimame kidogo. Ndani ya konteina karibu kila mtu hutumia `/data`. Kama kuna mashine nyingine inayotumia hifadhi hiyohiyo, zote zitaingia kundi moja, na saba zitakazobaki zinaweza kuwa za mashine moja tu. Salama zaidi ni kusahihisha jina lenyewe. Kuanzia restic 0.17 inawezekana:

`restic rewrite --new-host seva1 --forget ID1 ID2 ID3`

Taja ID. Ukiziacha, amri inapita kwenye matoleo yote, hata ya mashine nyingine. Bila `--forget` unabaki na nakala mbili za kila toleo, la zamani na lililosahihishwa. Na ID zitabadilika, kwa sababu ID ni hashi (alama inayokokotolewa kutoka kwenye data) ya yaliyomo. Kama kuna skripti inayozitumia, isasishe.

Sasa huo mwaka 2036. `latest` maana yake ni toleo lenye tarehe kubwa kuliko yote, hata kama si lililoandikwa mwisho. Saa ya mashine iliruka mbele usiku mmoja, na toleo hilo litakuwa "la mwisho" hadi 2036 ifike. Tena linakula nafasi moja katika zile saba za `--keep-last`, kwa hiyo usiendeshe forget kabla ya kulirekebisha. Kwa sasa rejesha kwa ID, usitumie `latest`.

Kama hulihitaji: `restic forget ID`, basi. Kama unalihitaji:

`restic rewrite --new-time "2025-03-14 02:00:00" --forget ID`

Tarehe halisi usiitafute kwenye muda wa faili iliyo ndani ya `snapshots`, huo umeandikwa na saa ileile mbovu. Tumia `restic ls -l ID` uone faili iliyobadilishwa mwisho kabla saa haijaruka, au `restic diff` dhidi ya matoleo ya jirani. Lenye tofauti chache ndilo lililo karibu nalo.

Konteina haina saa yake, inatumia ya mashine mama, hivyo rekebisha huko. Chanzo cha kawaida ni betri ya ubao mama kuisha: mashine inawaka na tarehe ya ovyo, na bekapu inaanza kabla saa haijasahihishwa kupitia mtandao. Kwenye skripti, kabla ya `docker run`, weka:

`[ "$(timedatectl show -p NTPSynchronized --value)" = yes ] || exit 1`

Ukiona saa za matoleo zinatofautiana kwa saa kadhaa kamili kati ya ndani ya konteina na nje, hilo si tatizo. restic inaonyesha muda kwa majira ya mahali amri inapoendeshwa, na konteina nyingi ziko UTC.

mlinzi_wa_data

Sawa, naafiki kuhusu `--group-by`. Anza na `rewrite`.

kifurushi

Niongezee upande wa wingu, maana huko kunaweza kuwa na uharibifu wa kweli.

restic inaandika kwa mpangilio: vifurushi ndani ya `data`, kisha `index`, na faili ya toleo mwisho kabisa. Programu ya kusawazisha haijui mpangilio huo. Faili ya toleo ni ndogo, inawahi kufika. Vifurushi vya megabaiti kadhaa bado viko njiani. Ndiyo maana toleo linaonekana ila halirejesheki. Ikipita `prune` katikati ya kusawazisha, mambo yanachanganyika zaidi. Baadhi ya programu hizo pia huacha faili za mgongano zenye jina lililoongezwa maneno, na restic haizitambui.

Kupima ni rahisi: jina la kila faili ya hifadhi, isipokuwa `config`, ni SHA-256 (aina ya hashi) ya yaliyomo. Ingia `snapshots` uendeshe:

`for f in *; do [ "$(sha256sum < "$f" | cut -d' ' -f1)" = "$f" ] || echo "$f"; done`

Kinachochapishwa ndicho kibovu. Faili ikiwa nzima nyumbani, ipandishe upya. Ikiwa mbovu pande zote mbili, ihamishe nje ya folda, usiitupe, kisha endesha `restic recover` kabla ya prune yoyote. Amri hiyo inatafuta miti isiyoshikwa na toleo lolote na kuikusanya katika toleo jipya. Prune ikitangulia, data hiyo haipo tena. Halafu `restic check --read-data-subset=10%` kwa nakala ya wingu; ukiwa na kipimo cha data cha kutosha, `--read-data` nzima.

Kwa kudumu, achana na kusawazisha folda. Anzisha hifadhi ya pili kwa `init --from-repo /mnt/diski/hifadhi --copy-chunker-params`, kisha kila usiku `copy --from-repo /mnt/diski/hifadhi`. Data inatangulia, toleo linafuata. ID za upande wa pili zitakuwa tofauti, usishtuke.

kibodi_kimya

Shukrani wakuu. Jina nimelifunga. Ila `rewrite` imekataa: hifadhi imefungwa, `repository is already locked`. `restic unlock` inapita kimya na kufuli bado lipo.

saa_sita

Hilo nalo ni zao la mambo mawili yaleyale. `unlock` huondoa kufuli lililokufa tu: lililopitisha dakika 30 bila kuhuishwa, au la mashine hiihii ambalo mchakato wake haupo tena. Jina la konteina limebadilika, kwa hiyo restic haiwezi kuangalia mchakato. Na kama kufuli liliandikwa usiku ule wa 2036, dakika 30 hazitapita leo wala kesho.

Hakikisha kwa `docker ps` kwamba hakuna restic inayofanya kazi, na kwamba hakuna mashine nyingine inayoandika humo. Soma kufuli kwa `restic list locks`, kisha `restic cat lock ID`, uone muda na jina. Ukishajiridhisha, `restic unlock --remove-all`, ndipo urudie `rewrite`.