Mama anatibiwa saratani ya titi na macho yamefifia. Miwani ya namba ngapi itamfaa?

Binti Cherehani:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mama yangu ana miaka 58, ni fundi cherehani. Miaka minne iliyopita alitolewa titi, akapata kemo (dawa kali za kuua saratani), akapigwa mionzi, kisha akaanzishiwa tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani isirudi, miligramu 20 kwa siku. Siku hizi haoni vizuri. Uzi anatungiwa na mjukuu, na mshono unatoka nje ya alama ya chaki. Machozi yanamtiririka, viganja vimekuwa vyekundu na ngozi inabambuka hadi pasi hawezi kushika. Alikuwa na miwani ya kusomea ya +2.00. Hapa Korogwe kuna duka wanauza. Nimchukulie +2.75 au niende +3.00 moja kwa moja? Kliniki yake Dar ni baada ya wiki tano.

Mzee wa Lenzi:
Binti, namba ya miwani ya kusomea ni umbali. Kwa mtu wa umri huo, +2.00 inamwonyesha vizuri kitu kilicho sentimita 50 hivi, na +3.00 kilicho sentimita 33. Sindano ya cherehani iko sentimita 40 hadi 50 kutoka usoni. Ukimpa +3.00 atashona ameinama kama anayenusa kitambaa, na shingo itamuua.

Kabla hujatoa hela, fanya hivi. Chukua karatasi ya manila, toboa kwa pini tundu la milimita moja. Mama avue miwani, akae mita tatu kutoka kwenye kalenda ya ukutani, azibe jicho moja kwa kiganja, na lile jingine achungulie kwenye tundu. Halafu abadilishe. Maandishi yakitulia akichungulia, hapo tatizo ni la miwani. Yasipobadilika, au yakawa mabaya zaidi, lenzi ya duka lolote haitamsaidia, kwa sababu kasoro haiko kwenye namba.

Pia ulizia sukari. Deksamethasoni wanayopewa wagonjwa pamoja na kemo hupandisha sukari, lenzi ya ndani ya jicho inavimba, na namba inabadilika wiki hadi wiki. Miwani ipimwe sukari ikiwa imetulia wiki nne hadi sita, la sivyo mtanunua mara mbili.

Shamba Darasa:
Watoto wa siku hizi mnamwacha mama mgonjwa kwenye cherehani halafu mnaulizia miwani! Mpumzisheni. Juisi ya karoti asubuhi na jioni, na asali tone moja kila jicho kabla ya kulala.

Dada Subira:
Shamba Darasa, karoti ale, ni chakula kizuri. Asali ya chupa jichoni hapana kabisa. Haijasafishwa kwa ajili ya jicho, na mtu wa kemo kinga yake iko chini. Kidonda kwenye kioo cha jicho kikishika vimelea kinaacha kovu jeupe ambalo halifutiki.

Kuhusu machozi. Kemo hukausha jicho, na jicho kavu hujibu kwa kumwaga machozi mepesi yasiyolainisha. Nywele za kope nazo zikianguka vumbi linaingia moja kwa moja, na vumbi la pamba la fundi nalo ni baya. Tumieni machozi ya bandia. Chupa yenye kihifadhi isizidi mara nne kwa siku, maana kihifadhi chenyewe kinachoma. Vile vichupa vidogo vya kutumia mara moja havina kihifadhi, anaweza kuweka mara nyingi zaidi. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, dakika tano hadi kumi, asubuhi na usiku. Kama tatizo si jicho kavu, basi pengine ni mfereji wa machozi, hasa kama kwenye kemo alipewa dosetakseli. Dawa hiyo inaweza kuubana mfereji unaopeleka machozi puani. Daktari wa macho anausafisha au anaupitishia kibomba chembamba cha silikoni kabla haujaziba. Ukishaziba kabisa ni upasuaji.

Zamu ya Usiku:
Mmejibu vizuri lakini hakuna aliyemuuliza jambo la kwanza. Binti, ni jicho moja au yote mawili? Limeanza lini? Kuna matone yoyote anayoweka sasa?

Binti Cherehani:
Mkuu, ni la kushoto zaidi. Wiki tatu hivi. Matone anaweka ya deksamethasoni na gentamisini kutoka duka la dawa, mara tatu kwa siku, mwezi na nusu sasa. Yanaondoa wekundu palepale, kwa hiyo sioni sababu ya kuyalaumu. Nadhani ni mtoto wa jicho tu, mtu mzima yule.

Zamu ya Usiku:
"Zaidi" maana yake nini? Akiziba la kulia, la kushoto linaona nini?

Chukua daftari la hesabu lenye visanduku. Weka nukta nene katikati ya ukurasa. Avae miwani yake ya kusomea, daftari liwe sentimita 30, azibe jicho moja, akodolee nukta bila kuhamisha macho. Mwambie achore kwa penseli sehemu ambayo mistari inapinda, inakatika au haionekani. Kila jicho na ukurasa wake, na tarehe juu.

Hayo matone yana steroidi, ndiyo hiyo deksamethasoni. Wekundu unaondoka, ila kwa baadhi ya watu presha ya jicho inapanda kimyakimya baada ya wiki chache, na presha hiyo inakula mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu. Yakiendelea muda mrefu ndiyo yenyewe yanaleta mtoto wa jicho. Usinunue chupa nyingine. Hii iliyopo ibebe, daktari aione na apime presha.

Binti Cherehani:
Nimemfanyia jana jioni. Kwenye tundu la pini, jicho la kulia maandishi yalitulia, la kushoto hakuna kilichobadilika. Daftari: kulia mistari imenyooka yote. Kushoto, pembeni ya nukta, amechora mistari imekunjamana kuelekea ndani. Amesema ni kama kitambaa kilichovutwa uzi mmoja. Juu yake kuna kivuli cha ukubwa wa kifungo cha shati.

Itakuwa ni tamoksifeni, nimesoma inaharibu macho. Naona bora tungoje kliniki, kwa sasa apate miwani atulie moyo. Nauli ya Dar kwa watu wawili si mchezo.

Mkaguzi:
Samahanini, mimi naona habari ya uzi huu ni ya kutunga, na kama si ya kutunga basi kuna kitu kimefichwa. Twende taratibu.

Tamoksifeni ya miligramu 20 kwa siku ni gramu 7.3 kwa mwaka. Hata miaka minne haifiki gramu 30. Madhara ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, yanayojulikana zaidi yalionekana kwa waliotumia dozi kubwa, jumla ikapita gramu 100. Kwa dozi ndogo hutokea pia, lakini kwa uchache, na kwa kawaida hugusa macho yote mawili. Huyu ni jicho moja.

Halafu viganja. Tamoksifeni haibambui viganja. Viganja vyekundu vinavyobambuka pamoja na machozi ya kutiririka ni picha ya kapesitabini, vile vidonge vya kemo vya asubuhi na jioni baada ya chakula. Na kapesitabini haipewi pamoja na tamoksifeni kwa mtu aliyepona akabaki kwenye dawa ya kuzuia isirudi. Kwa hiyo ama hadithi umeiokota sehemu mbili ukaiunga, ama mama hayuko tena kwenye dawa unayotuambia.

Shamba Darasa:
Nilijua! Watu wanatunga magonjwa humu ili wachangiwe.

Dada Subira:
Hajaomba hata senti. Ameomba namba ya miwani.

Binti Cherehani:
Sijatunga. Tamoksifeni aliachishwa miezi minne iliyopita. Picha zilionyesha saratani imerudi, iko kwenye nyonga na uti wa mgongo. Sasa ni hiyo kapesitabini, siku 14 anakunywa, siku 7 anapumzika. Mama hajui kama imerudi. Tumemwambia ni dawa ya kuzuia. Kuna ndugu wanapita humu, ndiyo sababu sikuandika. Na nikimpeleka kwa daktari wa macho, atalisema mbele yake. Ndiyo maana nilitaka miwani imvushe hadi kliniki.

Mkaguzi:
Nisamehe kwa neno la kutunga, nalifuta. Ila sasa swali si la miwani tena.

Zamu ya Usiku:
Pole sana binti, umebeba mzigo mzito peke yako. Sikiliza sasa, wiki tano ni nyingi mno.

Saratani ya titi ikishasambaa inaweza kufika nyuma ya jicho, kwenye tabaka lenye mishipa ya damu chini ya retina. Inainua retina, na ndipo mistari inapopinda na kivuli kinatokea. Si lazima iwe hiyo. Inaweza kuwa maji chini ya retina au mshipa wa damu ulioziba. Yote matatu yanatakiwa kuonwa ndani ya siku chache, kwa sababu retina iliyoinuliwa siku nyingi hairudishi nguvu yake yote hata chanzo kikitibiwa.

Piga simu kliniki ya saratani kesho asubuhi. Sema maneno haya: jicho moja, wiki tatu, mistari inapinda, yuko kapesitabini. Taja na viganja. Kushindwa kushika pasi ni kiwango ambacho kwa kawaida dozi husimamishwa kwa muda kisha hupunguzwa, kwa hiyo uliza kabla hajameza kidonge kinachofuata. Viganja vipakwe krimu ya yurea asilimia 10, na maji ya moto asiyashike.

Dar, hospitali za Muhimbili na CCBRT zina madaktari wa macho. Beba barua ya rufaa, majibu ya maabara, picha za karibuni, pakiti za dawa zote, chupa ya matone na lile daftari. Watapima kila jicho, watapima presha, wataweka matone ya kupanua mboni waione retina, na pengine watapiga ultrasaundi ya jicho. Wakikuta imefika huko, mionzi huelekezwa kwenye jicho kwa siku kadhaa bila kulipasua, au dawa ya mwili mzima inabadilishwa. Taasisi ya saratani ya Ocean Road wana mionzi.

Pazia jeusi likishuka, akiona mimweko kama ya radi, akiona vitu viwiliviwili, au kichwa kikimuuma asubuhi na kutapika, msingoje safari ya Dar. Hospitali iliyo karibu, siku hiyohiyo.

Dada Subira:
Na kuhusu kumwambia: daktari wa macho atamuuliza yeye, si wewe. "Mama, unatibiwa nini?" Afadhali alisikie kwako leo jioni kuliko kwa mgeni aliyeshika tochi.

Binti Cherehani:
Hilo sijaliweza, dada. Presha yake ya damu nayo iko juu. Nitaandika karatasi nimpe daktari kabla hatujaingia, nimuombe azungumze na mimi kwanza.

Dada Subira:
Karatasi iandike, lakini daktari akimuuliza mama na mama akataka kujua, hatamdanganya. Jiandae kwa hilo.

Binti Cherehani:
Nimepiga simu. Wamesema kidonge cha leo jioni asimeze, na tufike kesho kutwa, watatupa karatasi ya kwenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Nimekata tiketi mbili, gari la saa kumi na mbili asubuhi. Daftari mama ameliweka mwenyewe kwenye mkoba, ukurasa wa kushoto ameukunja pembe. Hajaniuliza kitu.

Mzee wa Lenzi:
Mbebee kofia pana na miwani ya jua. Mboni zikipanuliwa ataona ukungu saa nne hadi sita na jua litamchoma, ngazi na barabara asivuke peke yake. Mkirudi jioni kaeni upande wa kulia wa gari, jua litakuwa kushoto.