An-12, Hercules au Y-8? Picha ya zamani kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza

Mdau wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Picha niliyoambatanisha imetoka kwenye albamu ya baba yangu mdogo, aliyekuwa kibarua wa kupakia minofu ya sangara pale uwanjani miaka ya tisini. Ndege ina injini nne za pangaboi, mabawa yako juu ya mwili, na sehemu ya nyuma imepanda kuelekea mkiani ili mizigo ipite. Rangi nyeupe imechakaa, jina la kampuni halipo. Usajili unaanza na E, ila herufi ya pili imezibwa na ngazi. Baba mdogo anasema ni Antonov. Jirani yetu, askari mstaafu, ameapa ni Hercules. Naomba tulinganishe, na kila atakayetoa jibu aseme ameangalia nini.

Pasiansi Juu
Tuanze kwa kuitoa Ilyushin Il-76, maana najua kuna atakayeitaja. Hiyo ndiyo wengi tunaikumbuka ikibeba samaki kwenda Ulaya, lakini ni jeti, haina pangaboi. Kura yangu naipa Hercules, ama C-130 ya jeshi ama L-100 ya kiraia. Mabawa juu, injini nne, mlango nyuma, vyote vipo. Tena kanda hii ya ziwa inaijua Hercules vizuri: Waganda walikuwa na L-100 yao, yenye usajili 5X-UCF, na Waisraeli walitua Entebbe na C-130 usiku wa Julai 1976.

Fundi Ilemela
Ndugu Pasiansi, sifa zote ulizozitaja Antonov An-12 nayo inazo. Hercules iliruka mara ya kwanza 1954, An-12 ikafuata 1957, na zote zilitengenezwa kwa kazi ileile ya kubeba askari na vifaa hadi kwenye viwanja vibovu. Kazi ikifanana, umbo linafanana. Inabidi tutafute vitu ambavyo haviwezi kuwa kwenye zote mbili.

Mimi huanza na matairi, kwa sababu rangi hubadilishwa na pua huweza kufichwa, ila ndege iliyosimama chini lazima ioneshe miguu yake. Hercules ina matairi mawili makubwa kila upande wa tumbo, moja nyuma ya jingine. An-12 ina manne kila upande, jozi mbele na jozi nyuma. Kuza picha hapo chini ya bawa la kushoto: naona matairi yamekaa ubavu kwa ubavu. Kwangu hapo Hercules imeshatoka.

Kama bado una shaka, nenda kwenye injini. AI-20 ya Antonov inavuta hewa kupitia uwazi wa duara unaozunguka kitovu cha pangaboi. T56 ya Hercules ina mdomo chini ya kitovu. Kisha fuata bawa hadi nchani. La An-12, kipande cha nje kinainama kuelekea chini, wakati la Hercules linapanda kidogo. Malizia na mkia: nyuma kabisa ya An-12 kuna kibanda cha mpiga bunduki, na ndege nyingi zilizoingia kazi za kiraia zilibaki na kibanda hicho hata baada ya bunduki kuondolewa. Mkia wa Hercules unaishia bapa na mwembamba.

Urefu usiutumie. An-12 ni mita 33 na kidogo, L-100-30 iliyorefushwa ni mita 34 na kidogo. Kwa picha iliyopigwa kwa pembe kama hii, tofauti hiyo haionekani.

Bukoba Pwani
Nakubaliana na Fundi kuhusu matairi na bawa, lakini vipimo vyake vyote vinatenganisha An-12 na Hercules tu. Kuna ya tatu: Shaanxi Y-8, iliyotengenezwa China kwa kuiga An-12, ikaruka mara ya kwanza 1974. Matairi ni yaleyale, bawa ni lilelile, na injini yake ni nakala ya AI-20. Na tusiisahau, kwa sababu JWTZ wanaitumia na uwanja wa Mwanza unatumiwa pia na jeshi. Mtu akiona Y-8 angani hapa akaandika An-12, simlaumu, lakini jibu linakuwa si sahihi.

Pa kutazama ni puani. Zote mbili zina vioo mbele ili nevigeta, yule anayeongoza njia, aone ardhi. Ya An-12 ni fupi na ya mviringo. Ya Y-8 ni ndefu zaidi na imechongoka, kwa sababu Wachina walitumia umbo la pua ya ndege yao ya mabomu, H-6. Mdau, hapo kwenye pua kuna mng'ao wa jua. Unaweza kuipiga upya picha yenyewe kwa mwanga wa pembeni?

Mdau wa Kirumba
Nimeipiga upya dirishani, nimeweka ukubwa kamili. Pua ni fupi, mviringo, vioo vidogo vingi, na chini yake kuna uvimbe wa rada. Kibanda cha mkiani kipo, vioo vyake vimepakwa rangi. Halafu kuna jambo jipya: chini ya kidato cha mwisho cha ngazi kinaonekana kipande cha mshazari cha ile herufi ya pili. L isingekuwa na mshazari.

Fundi Ilemela
Basi si L, huenda ni R, ingawa zipo herufi nyingine zenye mshazari. ER ni usajili wa Moldova, EL ilikuwa Liberia. Kwa pua hiyo nasema An-12 bila kusita. Bukoba Pwani, ahsante, bila swali lako tungefunga mjadala mapema mno.

Pasiansi Juu
Nimeona pua, nimeona matairi, kura yangu nahamishia An-12. Swali: Moldova na sangara wapi na wapi?

Bukoba Pwani
Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika 1991, ndege nyingi za mizigo zilitoka mikononi mwa serikali zikaenda kwa kampuni ndogondogo, na wenye nazo wakazisajili popote palipokuwa rahisi. Ndiyo maana Afrika ya miaka hiyo ilikuwa na Antonov za Moldova, za Liberia (EL), za Guinea ya Ikweta (3C) na za Ukraine (UR). Herufi hizo zinakueleza ndege imeandikishwa wapi. Hazikuelezi mmiliki ni nani wala rubani ametoka wapi, na ndege moja huweza kubadili usajili mara kadhaa. Kwa hiyo naipa pua uzito mkubwa kuliko herufi.

Ombi kwa vijana wanaosoma hapa: msiende kuinua kamera uzioni kwa sababu ya mjadala huu. Ulizeni ruhusa kwanza. Albamu za wazee bado zina mengi.

Dada wa Capri Point
Nimefuatilia kwa furaha. Mimi za zamani sizijui, ila kila siku naona za pangaboi mbili zikishuka juu ya ziwa, na watu wanabishana ATR au Q400. Zote zina mabawa juu na mkia wa herufi T. Nazitofautishaje nikiwa chini?

Fundi Ilemela
Dada, tumia matairi tena. Ikiwa inakuja kutua, angalia miguu ya nyuma imetokea wapi. Kwenye Q400 inashuka kutoka kwenye injini, kwa hiyo ni mirefu na imeachana sana. Kwenye ATR inatoka ubavuni mwa tumbo, mifupi, karibukaribu. Q400 pia ni ndefu, karibu mita 33 dhidi ya 27 za ATR 72, na hapa tofauti inaonekana kwa macho. Na siku ukiwa abiria: wakikupandishia mlango wa nyuma na mizigo inaingizwa mbele, uko kwenye ATR.

Dada wa Capri Point
Basi ya jana jioni ilikuwa Q400. Miguu ilitoka kwenye injini kabisa, niliiona vizuri.