Magomeni tulikuwa tunatembea kwa miguu kabla ya michoro yenu. Acheni kutubomolea mtaa kwa jina la kutujengea mtaa!

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jana tuliitwa kikao cha wakazi huku kwetu Magomeni, Dar es Salaam, kuhusu mradi wa kuujenga mtaa wetu upya. Turubai, viti vya plastiki, chupa ya maji kwa kila mtu. Watu wa mradi wakasimamisha mabango matatu. La kwanza liliandikwa "hali ilivyo sasa": mabati yenye kutu, mtaro wenye maji meusi, ukuta uliomeguka. La pili ramani. La tatu ndiyo raha yenyewe: maghorofa meupe, maduka chini, vijia vipana, mtoto na baiskeli, miti kila mahali. Kijana aliyekuwa anaeleza akasema eneo letu limechakaa, na wao wanakuja kuligeuza liwe mtaa wa kutembea kwa miguu, wenye makazi, biashara na huduma mahali pamoja.

Nikasogea karibu kabisa na lile bango la tatu, nikatafuta nyumba yetu kwa kidole. Nikaupata mtaa, nikaipata kona. Mbele ya baraza letu kuna mwarobaini, aliupanda marehemu babu, shina lake mtu mmoja halikumbatii likaisha. Kwenye bango haupo. Pale uliposimama wamechora njia ya magari kuteremka kwenye maegesho chini ya jengo. Miti yote ile waliyoipaka kijani, na mti mmoja wa kweli uliokuwepo wameuondoa ili gari lipite. Kwenye mtaa wa kutembea kwa miguu!

Sasa nauliza, nani aliwaambia watu wa Magomeni hatutembei?

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ya vyumba sita: korido katikati, vitatu huku vitatu kule, ua nyuma, baraza mbele. Chumba cha mbele kulia ni duka la Mangi, limefunguliwa dirisha ukutani, lina kila kitu kuanzia kiberiti hadi mafuta ya kupima. Alfajiri barazani anakaa mama wa chapati na supu. Saa nne akiinuka, fundi cherehani anatoa mashine yake. Jioni pale pale kuna mihogo na kachumbari, na wazee wana bao lao. Msikiti hauko mbali kiasi cha kuhitaji kipaza sauti, mtoto wa dada yangu anakwenda shule kwa mguu na kurudi, na kituo cha mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka, Barabara ya Morogoro nakifikia kwa dakika sita. Mama yangu ana miaka 71 na sokoni hajawahi kupanda gari kwenda. Makazi na biashara na huduma mahali pamoja, hicho wanachotutangazia, ndicho tulichoamkia leo asubuhi.

Na haikuwa bahati. Jiji hili wakoloni walilipanga kwa rangi za watu. Uzunguni nyumba moja moja kwenye bustani, Uhindini duka chini na makazi juu, na sisi Uswahilini tukapewa viwanja vidogo vilivyobanana. Magomeni ilipimwa baadaye kwa mtindo huo huo. Watu wakajenga wenyewe na kodi ya vyumba ikasomesha watoto. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kabla ya Uhuru ipo hapa hapa Mtaa wa Ifunda, leo ni makumbusho. Ule ubanaji tuliopewa kwa dharau ndio tulioufanya uwe mtaa ambao mtu anaweza kuishi bila gari. Leo vitabu vya mipango miji vya dunia nzima vinausifu, halafu tunaletewa kwa bango kama zawadi.

Nisieleweke vibaya. Mtaa umechoka, nakubali, na nakubali kwa uchungu kwa sababu nalala humo. Choo chetu ni cha shimo na kinatumiwa na watu kumi na tisa. Mvua kubwa ikinyesha usiku, tunaamka kunyanyua magodoro. Na sababu ya kuchakaa naijua, wala si uvivu wa watu wa Uswahilini kama yule kijana alivyotaka ionekane. Babu alijenga, akafa, akaacha watoto saba. Saba wana wajukuu. Nyumba moja ina warithi zaidi ya ishirini na hakuna hata mmoja mwenye pesa ya kuezeka upya, wala mwenye haki ya kuamua peke yake. Kodi ya chumba Sh60,000 kwa mwezi ikilipwa ya miezi sita, imeshapangiwa ada na hospitali kabla haijafika mkononi. Bati linaoza huku wote tunaliangalia. Familia ikichoka kugombana, anatokea mtu na fedha taslimu, inauzwa. Hivyo ndivyo Kariakoo ilivyokwisha nyumba za Kiswahili, moja moja, hadi karibu kote ni maghorofa.

Kwa hiyo kujenga upya sipingi. Kwenda juu sipingi. Ardhi ya dakika sita kutoka mwendokasi, mtu mwenye akili hawezi kusema ibaki ya nyumba za chini milele. Napinga hiki wanachokifanya, kwa sababu tayari tumekiona.

Mtaa wa pili kutoka kwetu kuna ghorofa nane, limekamilika miaka mitatu iliyopita. Liliahidiwa kwa maneno haya haya. Palikuwa na nyumba tatu, vyumba kumi na vinane, na kila chumba kilikuwa na familia yake. Wapangaji walipewa siku thelathini. Leo chini kuna fremu za maduka kumi na mbili. Nimepita asubuhi hii nikazihesabu, saba zimefungwa. Kodi ya fremu wanataka ya mwaka mzima mkupuo mmoja. Mama wa chapati ataitoa wapi? Fundi cherehani ataitoa wapi? Zilizofunguliwa zinauza makava ya simu na pafyumu. Chumvi sasa watu wa mtaa ule wanaifuata kwetu.

Na mbele ya hizo fremu, pale palipochorwa "kijia cha waenda kwa miguu", wameweka tofali za kisasa kisha wakafunga mnyororo, wanaegesha magari. Mlango wa duka uko juu kwa ngazi tano kutoka barabarani ili maji yasiingie. Maji hayo yanakwenda wapi? Yanakuja kwetu wa chini.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama kutoka nyumbani hadi kituoni, ana goti bovu na anatembelea fimbo. Zile dakika zangu sita kwake zilikuwa ishirini na tano. Tulianza vizuri kwenye mchanga wa mtaani. Tulipofika kwenye jengo lile, kijia kimejaa magari, ikabidi tushuke barabarani. Bodaboda mmoja akatupigia honi nyuma ya masikio. Mbele kidogo mtaro, vifuniko viwili havipo, mtu kaweka ubao. Mama akasimama mbele ya ule ubao, akaupima kwa fimbo, akaupima tena, akanishika bega akavuka huku anasoma dua. Nilipomfikisha kwenye ile njia nzuri ya Barabara ya Morogoro, iliyojengwa na mwendokasi, alikaa kitako kwenye ukingo akapumua. Jiji hili lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018 kwa ajili ya mwendokasi ule, na lilistahili. Lakini tuzo inaishia barabara kuu. Ukiingia ndani ya mitaa hatua mia, mzee mwenye fimbo anavuka ubao.

Nilimuuliza yule kijana wa mradi: vifuniko vya mtaro vipo kwenye bango lako? Akasema hiyo ni hatua ya utekelezaji. Shangazi yangu mmoja akauliza: na sisi wapangaji? Akajibiwa kwamba wapangaji watazungumza na wenye nyumba wao. Basi. Watu wengi kuliko wote kwenye ule mkutano wakawa wamemalizwa kwa sentensi moja. Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, na tangu hapo mpangaji wa chumba nchi hii ana mkataba wake tu, kama ameandikiwa. Huku kwetu wengi wameandikiwa kwenye karatasi ya daftari.

Na wenye nyumba msifurahi. Dada wa mama yangu aliingia ubia na mwendelezaji, kama huu tunaoletewa, miaka ya nyuma, mtaa mwingine. Yeye anatoa kiwanja, mwendelezaji anatoa jengo, mwisho anapata vyumba vyake vya kuishi. Kweli amepata, viwili, ghorofa ya sita. Lifti ilifanya kazi mwaka wa kwanza. Hati ya sehemu yake hana hadi leo, wakati ipo sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, inayotaka kila mwenye sehemu awe na hati yake na wamiliki wawe na chama chao cha kusimamia jengo. Yeye ana funguo na ahadi. Alikuwa na kiwanja chenye jina la mumewe na baraza ambako alikuwa anauza maandazi, kila anayepita anamsalimia. Sasa akishuka mara moja kwa siku ni siku nzuri.

Watu wanasema Sheria ya Ardhi ya 1999 inatulinda, fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Wakuu, hiyo ni pale serikali inapotwaa ardhi yako. Ukiingia ubia mwenyewe, kinachokulinda ni karatasi uliyoisaini. Someni karatasi!

Kuna watakaoniambia angalia Magomeni Kota, zile nyumba za serikali. Nimeangalia, tena kwa makini, kwa sababu ni jirani zangu. Kaya 644 zilibomolewa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 2010 zikaambiwa zitajengewa. Zikakaa miaka zinahangaika na kodi huko zilikokwenda, eneo limebaki pori katikati ya mji. 2016 Rais Magufuli akaja akaahidi wajengewe na kukaa miaka mitano bila kodi, na Machi 2022 Rais Samia akazindua yale majengo. Walirudi, na mimi nilifurahi kuwaona wanarudi. Walirudi kwa sababu majina yao 644 yalikuwa kwenye orodha na hawakuacha kuyadai. Lakini muongo mzima ulipita. Mtoto aliyetoka darasa la kwanza alirudi yuko sekondari. Na wapo wazee waliotoka pale kwa miguu yao na hawakuwahi kurudi. Sasa nionyesheni orodha yetu sisi. Nimeiomba kikaoni, haipo. Hawajahesabu hata watu! Wamehesabu viwanja.

Ninachotaka mimi ni kitu kinachowezekana, wala hakihitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Hesabuni watu kwanza, mwenye nyumba na mpangaji na mama wa chapati, kila mmoja kwa jina. Jengeni kwa mafungu, mtaa mmoja ukamilike na watu wahamie ndipo wa pili uvunjwe, ili mtu ahame hatua mia na asihamie Mbagala wala Kivule akaanza kulipa nauli mara mbili kila siku kuja kwenye kibarua kile kile. Chini wekeni vijiduka vidogo vya kulipa kodi kwa mwezi, usawa wa barabara, bila ngazi. Wekeni baraza. Narudia, baraza, lenye kivuli, la umma, lisilo na mlinzi wa kumfukuza mtu. Oktoba 2021 tuliona machinga wanavyoondolewa pembezoni mwa barabara mji mzima. Msitujengee mtaa ambao mtu wa kipato chetu anaruhusiwa kupita tu lakini kukaa haruhusiwi. Na mitaro ifunikwe kabla hamjaweka tofali hata moja la urembo.

Halafu mwarobaini ule mtauzunguka. Choreni upya.

Mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile za mwendokasi, hii ni hoja nyingine. Kampuni wala mtu sitawataja, maana nataka hoja ijibiwe na si kufungua kesi.

NYONGEZA: Mkuu hapo juu unayesema "mkipewa hela nzuri si muondoke", nimekusoma. Hela nzuri kwa warithi ishirini na mbili ni kiasi gani kila mtu? Sisi tumepiga hesabu ya bei tuliyotajiwa na fungu la mama halinunui hata kiwanja chenye maji Chanika. Atabaki bila nyumba, bila wapangaji, na bila mtu wa kumshika bega kwenye mtaro.

NYONGEZA 2: Kikao kingine ni Jumamosi ijayo saa kumi jioni, pale pale. Wametaka wenye nyumba peke yao waje na nakala za hati. Nawaomba wapangaji wa mitaa yetu yote waje pia, na kila mmoja aje na karatasi yake hata kama ni ya daftari. Na kama kuna mtu humu aliyeingia ubia Kariakoo, Ilala au Kinondoni na mkataba wake ukamlinda kweli, naomba anitumie vile vipengele PM, afute majina. Mwanasheria tumempata, kijana wa mtaani, ameshaanza kuandika. Anasema anahitaji mfano mmoja tu uliofanya kazi.